Silali, Nafikiria Tu

Mume wangu alikuwa na kiwiko kikali. Naanza na kiwiko kwa sababu bila hicho hadithi hii haina mlango.

Tulikaa Manyatta, mtaa mmoja wa Kisumu, nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Kitandani yeye alilala upande wa mlango, mimi upande wa ukuta. Kila usiku, na si mara moja, alinipiga kiwiko mbavuni. Hakikuwa kiwiko cha hasira. Kilikuwa cha kazi tu, kama mtu anayegonga kwa jirani kuomba chumvi. Nilistuka, nikavuta pumzi, nikamwambia maneno yale yale.

"Silali, nafikiria tu."

Yeye alicheka gizani. "Basi fikiria kwa sauti ndogo."

Asubuhi nilimlalamikia kwamba atanivunja mbavu.

"Nilikuwa nakuita, Mama. Ulikuwa umeenda."

"Nimeenda wapi, na wewe ndiye umeziba mlango?"

"Sijui. Lakini nilikuita ukarudi."

Nilidhani ni utani. Alikuwa fundi wa baiskeli pale Kondele, na mafundi wa baiskeli wanapenda utani kwa sababu mteja hana pa kukimbilia gurudumu lake likiwa limefunguliwa. Mwishowe niliweka mto katikati yetu. Kiwiko kikajifunza kupita juu ya mto.

Kisha akafa. Hapo sina maneno mengi. Aliugua kifua msimu wa mvua, akalazwa, na tuliporudi nyumbani kwao upande wa Katito tulirudi naye kwenye sanduku. Tukamzika upande wa kulia wa nyumba yake, jinsi inavyotakiwa.

Mimi sijui kulia kwa sauti. Nilizaliwa hivyo. Kwetu mwanamke akifiwa anatoka mbio, anarusha mikono, anamsifu marehemu mpaka watu walio barabarani wajue ni mtu wa aina gani amepotea. Mimi nilisimama tu kando ya kaburi nimevaa koti lake, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haifanyi kitu, wanawake wengine walinipa mikoba yao niwashikie ili walie vizuri. Nilimzika mume wangu nikiwa nimeshika mikoba minne. Watu waliona, na watu walisema.

Aliyesema zaidi ni mke wa kaka yake mkubwa. Sisi wake wa boma moja tunaitana nyieka, maana yake mke mwenzangu, hata kama waume ni tofauti. Nyieka wangu anajulikana kwa kulia. Akipiga nduru pale bomani, sokoni Katito watu wanaanza kutafuta viatu. Siku ya mazishi aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani akasema, "Nyieka, hayo machozi unamwekea nani?"

Nilirudi Manyatta, na nilirudi kazini. Kazi yangu ni kukaanga samaki Kondele, hasa mgongo wazi, ile mifupa yenye kichwa inayobaki viwanda vikishachukua nyama yote ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Ni chakula cha watu wenye meno na subira. Nina karai, jiko, meza yenye wavu wa kuzuia nzi, na wateja ambao karibu wote ni watu wa bodaboda.

Hapo ndipo akili ilianza kunitoroka.

Nilitia chumvi mara mbili. Kesho yake sikutia kabisa. Nilitafuta simu asubuhi nzima, mteja akaipigia, ikalia ndani ya unga. Mtu aliagiza kichwa, nikamfungia mkia. Aliporudi kulalamika nikamsalimia upya kama mgeni na kumuuliza anataka nini. Nilianza sentensi nikaiacha katikati, nikimtazama mtu usoni, nikingoja yeye aimalize. Wengine waliimalizia vizuri kuliko nilivyotaka mimi.

Na usingizi. Nilikuwa nalala kila usiku, nalala mapema, na asubuhi naamka kama mtu aliyebeba mawe. Kichwa kinauma, mdomo umekauka kama gunia. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa juu ya mabati na mafuta yakiimba kwenye karai, macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Nilikuwa nalala nimesimama, uma mkononi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda, mteja wa kila siku, mrefu, koti la kijani. Yeye alikuwa anangoja nilale kwanza ndipo aseme.

"Mathe, umelala ama unaombea samaki?"

"Silali, nafikiria tu."

"Fikiria haraka basi, samaki inaungua."

Kitu kingine kilichowatisha watoto wangu ni kichwa cha samaki. Mume wangu alipenda kichwa. Kila jioni, kabla ya kufunga, nilikuwa namtengea kimoja kwenye karatasi. Baada ya kumzika niliendelea kutenga. Binti yangu, ambaye ni mwalimu na ameolewa hapa hapa Kisumu, alikikuta kile kichwa siku moja akauliza ni cha nani. Nikamwambia cha baba yake. Aliniangalia vile anavyoangalia mtoto aliyefeli. Alidhani nimesahau kwamba baba yake amekufa. Sikusahau hata dakika moja. Ni mkono ndio ulikuwa haujaambiwa.

Kisha mkono wenyewe ukaungua. Nilisinzia, uma ukazama, na vidole viwili vikafuata uma ndani ya mafuta. Si sana. Lakini kijana wa koti la kijani alinibeba kwenye pikipiki mpaka zahanati, na binti yangu alinikuta pale nimefungwa bandeji, nimelala kwenye benchi.

Watoto wakapigiana simu. Uamuzi ulikuja kwa mdomo wa binti.

"Mama, utaenda nyumbani Katito. Utapumzika. Kule kuna watu wa kukuangalia."

"Na karai langu?"

"Karai tutampa mtu."

Mtu asiyejua atauliza kwa nini nisikae kwa binti, naye yuko hapa mjini. Haiwezekani. Kwetu mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Naenda mchana, nakunywa chai, namsalimia mkwe wangu kwa mbali kwa heshima zote, na jua likishuka naenda zangu. Kwa hiyo yalikuwa mawili tu. Ama nibaki Manyatta na karai langu, ama niende Katito nikakae kwenye kiti mbele ya kaburi nikiangalia kuku. Nilijua nikiondoka Kondele sitarudi. Watu wakikupeleka nyumbani kupumzika, meza yako wanaigawa kabla hujafika.

Nyieka naye alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa simu, sauti juu, nikaweka simu mbali na sikio na bado nikasikia kila neno.

"Nyieka, hiyo si ugonjwa. Hukulia. Machozi yalibaki ndani, yamepanda kwa kichwa, yamelowesha akili. Kuja nyumbani siku moja tu, tulie vizuri, umalize, urudi kwa kazi yako."

Sikuamini. Lakini nilisikia yale maneno ya mwisho, urudi kwa kazi yako, nikaomba binti anipe nafasi hiyo moja. Kama kulia kungeniacha na karai langu, ningelia.

Nilifika bomani asubuhi. Nyieka alikuwa amejiandaa kama mwenye sherehe. Alikuwa ameita wanawake wawili wa jirani wamsaidie kuitikia, na alikuwa ametandika mkeka kando ya kaburi, kwenye kivuli cha nyumba. Kwanza tulikula, kwa sababu alisema hakuna anayelia vizuri na njaa. Kuku, mboga za osuga, na ugali mkubwa. Kisha tukakaa mkekani akaanza kunifundisha.

"Usianze na kulia. Anza na kumsifu. Taja ng'ombe zake."

"Hakuwa na ng'ombe."

"Taja nyumba yake ya mjini."

"Ni ya kupanga, Nyieka."

"Sasa alikuwa na nini, huyu shemeji yangu?"

Nikafikiria. "Alikuwa na pampu nzuri ya baiskeli."

Wale wanawake wawili walitazama chini. Nyieka alivuta pumzi kama mtu anayeinua mzigo. "Basi msifu na pampu."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilisema, wewe mwenye pampu, uliyejaza upepo magurudumu ya watu wote wa Kondele. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani. Nyieka alisema, tena, kutoka tumboni. Nikasema tena. Kivuli kilikuwa kizuri, tumbo lilikuwa limejaa, nami nikaegemea ukuta wa nyumba ya mume wangu kidogo tu.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyakusanya kutoka kwa waliokuwepo, na kila mmoja ana yake, lakini kwenye haya wanakubaliana.

Niliteleza polepole nikalala chali mkekani. Nikakoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Wanawake wakacheka, na nyieka akaenda kuchukua sufuria ya maji. Kisha mashine ikazimika. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bado, wanasema, kama mtu anayetaka kuinuka, lakini hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Mdomo wazi. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mmoja akaniita, mwingine akaniita, nikawa kimya. Nyieka akaiweka sufuria chini, akasimama wima, akapiga nduru.

Mimi niliamka katikati ya matanga yangu.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni kusifiwa. Nyieka alikuwa anakimbia kutoka kaburini mpaka langoni na kurudi, akilia kwamba nimemwacha na nani, mimi mama wa samaki niliyekuwa namletea dagaa wa omena, mimi mwenye mkono mwepesi, mimi nisiyegombana na mtu. Kwa miaka yote niliyoolewa kwenye boma lile hakuwahi kuniambia hata moja ya hayo. Nilifumba macho tena kidogo ili nisikie yanayofuata. Nasema ukweli.

Lakini watu walikuwa wanaingia kutoka barabarani. Mwanamume mmoja alikuja na kiti chake cha plastiki kabisa. Mzee wa boma alikuwa amesimama upande wa kushoto wa nyumba, ambako mke huzikwa, akiupima mchanga kwa fimbo. Nikaona mambo yanakwenda mbali. Nikainuka nikakaa.

"Silali," nikasema. "Nafikiria tu."

Walitawanyika wakiacha kandambili. Yule wa kiti alikimbia nacho kikiwa juu ya kichwa. Nyieka peke yake hakukimbia. Alisimama na mikono bado juu, akaniangalia, na uso wake ulikuwa umelowa machozi ya kweli mpaka kidevuni.

"Wewe," akasema, "ulikuwa umeenda."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mahali, kwa sauti nyingine.

Ikabidi pasta aitwe aombe, kwa sababu nduru ilishatoka na hakuna aliyejua nduru ya mtu aliye hai inafanyiwa nini. Na kwa kuwa watu walishakuja, ikabidi wapikiwe chai. Binti yangu mjini alipigiwa simu mbili. Ya kwanza ilimwambia mama yake amekufa, na kabla hajapata viatu vyake ya pili ikamwambia mama anakunywa chai. Alifika jioni bado amevaa viatu visivyofanana.

Siku iliyofuata tulienda kumwona daktari Kisumu, na nyieka alikuja nasi. Hakuna aliyemwalika. Alivaa kitambaa chake cha Jumapili akasema yeye ndiye shahidi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliuliza nakoroma? Nikasema sijui, nikiwa nimelala siko. Akauliza nani ananisikia nikilala. Nikasema hakuna, mimi ni mjane. Nyieka akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi nilisikia. Alianza hivi."

Akakoroma. Alikoroma pale ofisini kwa moyo wote, kuanzia chini akipanda juu, mpaka mazungumzo kwenye korido yakakoma. Kisha akanyamaza ghafla, mdomo wazi, macho yametoka. Daktari aliacha kuandika.

"Alikaa kimya muda gani, Mama?"

"Muda wa mimi kuweka sufuria chini, kusimama, kufunga leso na kuanza kulia."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Alisema kuna watu ambao wakilala koo linalegea na kujifunga, pumzi inakatika, ubongo unastuka kwa kukosa hewa na kuwaamsha kidogo tu, hata wasijue. Linafunguka, linajifunga, usiku kucha. Mtu analala saa nyingi bila kulala. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia, anasahau, hawezi kushika jambo moja mpaka mwisho. Alisema si wazimu na si uzee. Binti yangu alipangusa miwani yake.

"Si machozi?" nyieka akauliza.

"Si machozi, Mama."

Nyieka alikunja uso. Nafikiri aliona kama amenyang'anywa kitu.

Ndipo daktari akaniuliza, kwa upole, akiandika bila kuinua macho, "Na mzee alipokuwepo, hakuwahi kukuambia unakata pumzi?"

Niliangalia mikono yangu. Kiwiko kile, miaka yote ile, juu ya mto. Alikuwa analala lini, mtu yule? Alikuwa anaamka kabla ya adhana ya kwanza kwenda kufungua banda lake, na usiku alikuwa analala sikio wazi, akinisikiliza nikienda, akiniita, akingoja nirudi, ndipo alale mpaka safari nyingine. Hakujua jina la ugonjwa. Alijua tu kwamba nikiguswa hapo mbavuni narudi, na fundi akishajua mahali pa kugusa hana haja ya jina.

"Aliniambia," nikasema. "Nilidhani ni utani."

Nilipewa kifaa cha kufunga kidoleni na kifuani nilale nacho nyumbani usiku mmoja. Nilikirudisha na daktari akathibitisha. Akanishauri nisilale chali. Alisema wengine hushona mpira wa tenisi mgongoni mwa nguo ya kulalia, ili ukigeuka ukuume. Mpira wa tenisi sikuwa nao. Nilishona gunzi la mahindi. Linafanya kazi vizuri sana, halina huruma hata kidogo.

Baadaye watoto walinitafutia mashine, ile yenye bomba na kifuniko cha puani, inayosukuma hewa usiku kucha koo lisijifunge. Nyieka alipoiona imefungwa usoni mwangu aliuliza kama naenda kuvua chini ya ziwa. Nimeiweka upande wa mlango, juu ya kigoda, kando ya mahali alipolala mume wangu. Hapakuwa na sababu nyingine. Soketi ya stima iko huko.

Lakini binti yangu hakuwa ameridhika. Alisema mashine ni mashine, na akili ni kitu kingine. Niliruhusiwa kurudi kwenye karai kwa sharti kwamba nikiungua tena, au nikisahau jambo kubwa, safari ya Katito inabaki pale pale. Akawa anapita Kondele akitoka shuleni, anasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya meza ya mama wa nyanya, akidhani simwoni. Nilikuwa namwona. Hiyo yenyewe ilikuwa dalili nzuri.

Akili haikurudi kwa kishindo. Ilirudi kama kuku jioni, mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Siku moja nilimaliza sentensi ndefu na mteja akashangaa kuliko mimi. Siku nyingine nilikumbuka kijana wa koti la kijani hapendi pilipili. Ile miezi baada ya mazishi imebaki na shimo, siwezi kudanganya. Watu wananisimulia waliokuja kunipa pole, nami naitikia kwa adabu, lakini sipo humo. Ya zamani ndiyo yaliyorudi yakiwa mazima, mpaka harufu ya solusheni ya kubandika tyubu kwenye vidole vyake.

Mwishowe binti alikuja kulala kwangu. Tangu aolewe hakuwahi kulala Manyatta. Alisema amekuja kunitembelea, lakini alikuja na simu iliyojaa chaji ili anirekodi, nami nikajifanya sijui. Tulilala kitanda kimoja, yeye nikampa upande wa mlango, mashine tukaisogeza karibu na kichwa chake. Nikalala.

Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani ananiangalia. Mashine ilikuwa kimya.

"Stima ilipotea usiku, Mama."

"Ilipotea?"

"Mashine ikazima. Ukaivua mwenyewe ukiwa usingizini, ukageuka, ukaanza kukoroma. Halafu ukanyamaza. Nikasahau simu. Nikasahau kila kitu. Nikakupiga kiwiko hapa."

Akaweka kidole mbavuni mwangu. Palikuwa pale pale. Hakuna aliyemfundisha.

"Nikaamka?"

"Ukavuta pumzi. Halafu ukasema. Unajua ulisema nini?"

Nilijua. Sikukumbuka kusema hivyo usiku ule, lakini nilijua. "Nilisema silali."

"Ulisema, silali, Baba, nafikiria tu. Na mimi nilikuwa nimelala upande wake." Sauti yake ilianza kutetemeka, na kisha, badala ya kulia, ikageuka ikawa kicheko, kile kicheko cha baba yake cha gizani. Yeye naye hajui kulia kwa sauti. Tulikaa pale kitandani tukicheka na kupangusa macho, gunzi likinichoma mgongo.

Alipokuwa anafunga viatu, vinavyofanana safari hii, alisema bila kuniangalia, "Nitakuwa nakuja kulala Ijumaa. Na siku zile stima inasumbua, unipigie simu mapema."

"Na Katito?"

"Katito utaenda kusalimia. Utarudi."

Siku hiyo nilifungua mapema. Ilipofika saa nane mchana jua lilikuwa juu ya mabati na mafuta yakiimba. Kijana wa koti la kijani akasimamisha pikipiki akaniangalia. Nilikuwa nimesimama, uma mkononi, macho wazi, nikitazama kichwa kimoja kizuri cha samaki kikiiva kwenye karai.

"Mathe, leo hulali?"

"Silali."

"Unafikiria nini sasa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nafikiria kama hicho kichwa nikitenge. Akasema kama hakina mwenyewe, yeye anakitaka. Nikakiangalia kidogo. Kisha nikakifunga kwenye karatasi, bila pilipili, nikampa.